Dar es Salaam hadi Guangzhou: namna ya kupiga hesabu ya umbali, saa za angani na muda kamili wa safari

Ukimuuliza wakala wa tiketi pale Kariakoo ni saa ngapi hadi Guangzhou, China, atakujibu "kumi na kitu". Jibu hilo si uongo, ila linahusu muda wa ndege tu, tangu inapoondoka kwenye maegesho hadi inapoegesha upande wa pili. Anayesafiri ni wewe, na wewe unaondoka nyumbani, si uwanjani. Ukikadiria safari kwa hizo saa kumi na kitu, utamwahidi mwenye kiwanda miadi ambayo huwezi kuiwahi.

Mwongozo huu unachukua njia hiyo moja, kwa sababu wafanyabiashara wetu wanaijua vizuri na namba zake ni rahisi kuzishika. Ukiielewa, utaweza kufanya hesabu ileile kwa Mumbai, Istanbul au Toronto.

Hatua ya kwanza: pata umbali

Njia ya haraka ni ramani ya simu. Fungua Google Maps, bonyeza kwa kushikilia juu ya uwanja wa Dar hadi alama nyekundu itokee, kisha kwenye orodha ya chini chagua kipimo cha umbali na usogeze ramani hadi uwanja wa Baiyun, Guangzhou. Utaona takriban kilomita 8,700. Huo ni umbali wa mstari mfupi kuliko yote juu ya uso wa dunia, si wa barabara wala meli.

Ila ni vizuri kujua namba hiyo inatoka wapi, maana mitandaoni kuna kurasa zinazotoa umbali wa ajabu ajabu, na ukijua kuukokotoa mwenyewe hudanganyiki. Unahitaji latitudo na longitudo za viwanja viwili na kikokotozi cha simu chenye sin na cos. Hakikisha kimewekwa kwenye digrii. Kikiwa kwenye radiani kitakupa jibu la kuchekesha.

Uwanja wa Julius Nyerere uko digrii 6.88 kusini na 39.20 mashariki. Baiyun uko digrii 23.39 kaskazini na 113.30 mashariki. Dar iko kusini mwa ikweta, kwa hiyo latitudo yake inaandikwa kwa alama ya kutoa: -6.88. Tofauti ya longitudo ni 74.10.

Zidisha sin ya latitudo moja kwa sin ya nyingine: -0.1198 × 0.3970 = -0.0476.

Zidisha cos ya latitudo moja kwa cos ya nyingine, kisha kwa cos ya tofauti ya longitudo: 0.9928 × 0.9178 × 0.2740 = 0.2497.

Jumlisha majibu hayo mawili: 0.2021. Bonyeza kitufe cha kugeuza cos (kimeandikwa cos⁻¹) na utapata digrii 78.34. Kila digrii moja ya mzingo wa dunia ni kama kilomita 111.2, kwa hiyo 78.34 × 111.2 = kilomita 8,711. Marubani hutumia maili za baharini, ambazo ni 60 kwa kila digrii, hivyo kwao njia hii ni ya maili 4,700 hivi.

Anayeona hesabu hii ni kero achukue tufe la darasani na uzi. Vuta uzi ukaze kati ya miji hiyo miwili. Utauona ukitoka Dar kuelekea kaskazini-mashariki, ukikata ikweta katikati ya bahari mashariki ya Somalia, ukiingia India ya kusini kwenye pwani ya Kerala na kutokea jirani na Chennai. Hapo unavuka Ghuba ya Bengal, unapita juu ya Myanmar, Laos na kaskazini mwa Vietnam, na uko Guangzhou. Ndege yenyewe haifuati uzi huo barabara. Inapita kwenye njia za anga zilizopangwa, inakwepa mawingu mabaya na maeneo yaliyofungwa, kwa hiyo kilomita halisi huzidi kidogo.

Hatua ya pili: geuza kilomita ziwe saa

Ndege kubwa za masafa marefu kama Boeing 787-8, ambayo Air Tanzania imekuwa ikiitumia kwenye njia hii, hukata kama kilomita 900 kwa saa zikishapanda juu. Lakini hazianzi na mwendo huo. Kuna kujongea hadi kwenye njia ya kurukia, kupanda, kushuka, na pengine kuzungushwa angani kusubiri zamu ya kutua. Kanuni ninayoitumia mimi ni hii: gawanya kilomita kwa 850, kisha ongeza nusu saa.

8,711 ÷ 850 = 10.25, yaani saa 10 na robo. Ongeza nusu saa: saa 10 na dakika 45. Hayo ndiyo makadirio ya ndege ya moja kwa moja, na ratiba zilizochapishwa hazikai mbali na hapo.

Upepo nao una usemi. Miezi ya baridi ya kaskazini, Desemba hadi Februari, kunakuwa na mkondo mkali wa upepo wa juu unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki, ukipita kaskazini mwa India hadi China ya kusini. Ukienda unakusukuma, ukirudi unakupinga, ndiyo maana safari ya kurudi miezi hiyo inaweza kuzidi ya kwenda kwa nusu saa au zaidi. Katikati ya mwaka mkondo huo unahamia kaskazini zaidi, na juu ya India ya kusini kunatokea upepo mwingine wa msimu unaovuma kinyume, kutoka mashariki kwenda magharibi. Kwa hiyo usishangae tiketi ya Julai na ya Januari zikitofautiana dakika kadhaa kwa njia ileile na ndege ileile.

Hatua ya tatu: soma saa za tiketi kama zinavyotakiwa kusomwa

Hapa ndipo watu wengi wanapopotea, kwa hiyo twende polepole.

Kila saa iliyoandikwa kwenye tiketi ni saa ya mji husika. Saa ya kuondoka Dar ni ya Dar, saa ya kufika Guangzhou ni ya Guangzhou. Tanzania iko saa tatu mbele ya saa ya dunia (UTC+3). China nzima, pamoja na ukubwa wake wote, inatumia saa moja tu, UTC+8. Tofauti ni saa tano, na haibadiliki mwaka mzima, kwa sababu nchi zote mbili hazisogezi saa kufuata majira kama wafanyavyo Ulaya na Marekani.

Tuseme tiketi yako inasema unaondoka Dar Jumanne 23:00 na kufika 14:45, na pembeni yake kuna +1. Alama hiyo maana yake ni siku inayofuata, Jumatano. Kutoka 23:00 hadi 14:45 ni saa 15 na dakika 45. Ukienda mashariki unatoa tofauti ya saa: 15:45 toa 5 ni 10:45. Imelingana na makadirio yetu.

Kurudi unafanya kinyume. Ukiondoka Guangzhou Jumamosi 17:00 na kufika Dar Jumamosi hiyohiyo 23:00, kwa macho ni saa sita. Ongeza tano: umekaa angani saa 11. Anayekusubiri nyumbani na kuona "saa sita tu" atadhani China imesogea.

Sasa tuje kwenye saa zetu. Tiketi haijui saa ya Kiswahili. 23:00 ni saa tano usiku, 14:45 ni saa tisa kasorobo mchana, 17:00 ni saa kumi na moja jioni. Unaposoma unatoa sita, kuanzia 19:00 unatoa kumi na nane, na kwa saa ndogo za usiku hadi asubuhi, kuanzia 00:00 hadi 06:59, unaongeza sita. Hili kila mtu analijua kinywani, lakini simu inapokuwa kwenye saa ya kizungu na dereva wa bodaboda kwenye saa ya Kiswahili, mtu mmoja kati yenu atafika saa sita kabla au baada. Ukimpigia dereva, taja saa pamoja na kipindi cha siku: saa kumi na mbili jioni, si "saa kumi na mbili" peke yake.

Mtego mkubwa kuliko wote ni wa saa sita usiku. Tiketi ikisema Jumatano 00:30, ndege inaondoka saa sita na nusu usiku wa kuamkia Jumatano. Kwa maisha yetu ya kawaida huo bado ni usiku wa Jumanne. Unatakiwa uwe uwanjani Jumanne saa tatu na nusu usiku. Atakayekaa hadi Jumatano jioni ndipo aage familia atafika uwanjani akute ndege ilishatua China. Kila unapoona tiketi ya 00, 01 au 02, chukua kalamu uandike pembeni: "usiku wa kuamkia", kisha taja siku, na karibu yake andika siku ya kutoka nyumbani.

Hatua ya nne: linganisha ndege ya moja kwa moja na ya kubadilisha

Ndege ya moja kwa moja haipo kila siku, na bei yake si lazima iwe ya chini. Kwa hiyo wengi hupita Addis Ababa, Dubai, Doha au Nairobi. Kwa kanuni yetu ya 850, hali iko hivi:

Kupitia Addis Ababa: kilomita 1,760 kisha 8,040, jumla 9,800. Saa 2 na dakika 35, kisha saa 10.

Kupitia Dubai: kilomita 3,980 kisha 5,830, jumla 9,810. Saa 5 na dakika 10, kisha saa 7 na dakika 20.

Kupitia Doha: kilomita 3,820 kisha 6,200, jumla 10,020. Saa 5, kisha saa 7 na dakika 45 hivi.

Kupitia Nairobi: kilomita 670 kisha 8,680, jumla 9,350. Saa 1 na robo, kisha saa 10 na dakika 40.

Tazama Addis na Dubai. Kwenye ramani ya ukutani Dubai inaonekana iko njiani na Addis inaonekana kama kurudi nyuma, kumbe jumla ni ileile. Na Nairobi, ambayo watu hudhani iko karibu sana na China kuliko Dar, iko karibu zaidi kwa kilomita 30 na kitu tu.

Kwa hiyo njia zote za kubadilisha zinaongeza saa moja hadi mbili za angani, jambo ambalo si kubwa. Kinachotofautisha ni muda wa kusubiri katikati, na hapo tofauti inaweza kuwa saa mbili au saa kumi na nne. Usilinganishe bei kabla hujaangalia safu ya muda wa kusubiri. Tiketi nafuu yenye saa kumi na nne za kukaa kwenye kiti cha chuma inakudai chakula, na inakudai siku moja ya soko.

Muda mfupi sana nao ni hatari. Mimi sipendi chini ya saa mbili, hata kama shirika linakubali kuuza saa moja na dakika kumi. Ndege ya kwanza ikichelewa nusu saa, utabaki unakimbia ukumbini na viatu mkononi baada ya ukaguzi. Kama safari yote iko kwenye tiketi moja, ukikosa ndege ya pili shirika ndilo linalokutafutia nyingine. Kama ulinunua tiketi mbili tofauti ili kuokoa fedha, hasara ni yako, na mara nyingi utalazimika kuchukua mzigo, kupita uhamiaji na kuukabidhi upya. Hapo weka saa tano au zaidi, na hakikisha kama nchi hiyo inakutaka uwe na viza.

Pale dirishani Dar, kabla hujaondoka, soma karatasi wanayoifunga kwenye begi. Lazima herufi za mwisho ziwe CAN, ambayo ndiyo alama ya uwanja wa Guangzhou. Ikiwa imeishia ADD (Addis) au DXB (Dubai), begi lako linashuka huko.

Hatua ya tano: hesabu mlango hadi mlango

Tuchukue ile ndege ya Jumanne 23:00, na msafiri anayekaa Mbezi Luis.

Mashirika mengi hutaka uwe uwanjani saa tatu kabla, kwa hiyo saa mbili usiku uwe umeingia Jengo la Tatu. Kutoka Mbezi jioni ya siku ya kazi usijidanganye na kilomita. Barabara ya flaiova ya Tazara imepunguza adha, haijaimaliza. Toka saa kumi na mbili jioni. Saa mbili zinaonekana nyingi hadi siku mvua inyeshe.

Ndege inaondoka saa tano usiku. Inatua saa tisa kasorobo mchana ya Guangzhou, wakati Dar ni saa nne kasorobo asubuhi. Uhamiaji wa China huchukua alama za vidole za wageni, foleni ipo, kisha unasubiri mizigo. Weka saa moja na nusu. Halafu mjini: Baiyun iko kama kilomita 28 kaskazini mwa katikati ya jiji. Kuna treni ya chini ya ardhi, laini namba 3, isiyojua foleni ya magari, ila haifanyi kazi usiku kucha. Ukifika usiku wa manane jiandae kwa teksi. Kwa ndege yetu hii, hesabu saa moja hadi mtaa wa Xiaobei, ambako Waafrika wengi wanaofanya biashara hufikia.

Utaingia hotelini saa kumi na moja na robo jioni kwa saa ya huko, sawa na saa sita na robo mchana Dar. Ulitoka nyumbani saa kumi na mbili jioni. Umetumia saa 18 na robo kwa safari ya saa 10 na dakika 45. Ukipitia Addis na kusubiri saa nne, hesabu hiyohiyo inafika saa 24 na dakika tano.

Kwa hiyo miadi ya kwanza na kiwanda iwe kesho yake, na isiwe ya asubuhi mapema. Saa tatu asubuhi ya Guangzhou mwili wako uko saa kumi alfajiri ya Dar. Wa kujadiliana naye bei amelala usingizi wake kamili, wewe unapiga miayo. Ukiweza, siku hiyo zunguka tu, tazama bidhaa, kusanya kadi za watu, na weka majadiliano ya fedha siku inayofuata.

Hatua ya sita: mambo ya ndani ya ndege yanayohusu saa

Usiku wa kwenda mashariki ni mfupi. Ukiruka saa tano usiku, jua litakukuta karibu na pwani ya India, saa yako ya Dar ikiwa inasoma kama saa kumi alfajiri. Anayeswali alfajiri au anayefunga afuate mapambazuko ya pale ndege ilipo, si ya nyumbani. Skrini ya kiti inaonyesha ramani, na wahudumu wakiulizwa hujibu. Anayetaka kulala alale mara tu baada ya kuruka. Akisubiri chakula, filamu na mazungumzo na jirani, kutakuwa kumekucha.

Badilisha saa ya mkono ukishakaa kwenye kiti. Ya simu itajibadilisha yenyewe ukitua, ila alamu ulizoziweka uziangalie upya. Na katika saa kumi za kukaa, inuka utembee kidogo kila baada ya saa moja au mbili, kunywa maji. Damu kuganda miguuni ni jambo la kweli kwenye safari ndefu.

Piga picha ya tiketi, anwani ya hoteli kwa herufi za Kichina na namba ya mwenyeji wako, uzihifadhi kwenye simu kabla ya kuruka. Ukiwa kwenye intaneti ya China, WhatsApp na huduma za Google hazifunguki kama ulivyozoea. Pasipoti, viza na kadi ya chanjo ya homa ya manjano zikae kwenye begi la mkononi. Pauabenki nayo hukaa humo humo. Ukiisahau kwenye begi kubwa utaitwa pembeni kulifungua huku foleni ikikupita.

Hatua ya saba: tarehe zinazoharibu hesabu nzuri

Maonyesho makubwa ya biashara ya Guangzhou, yale ya Canton Fair yaliyoanza mwaka 1957, hufanyika mara mbili kwa mwaka: masika kuanzia Aprili na vuli kuanzia Oktoba. Vipindi hivyo tiketi hupanda na foleni za uhamiaji hurefuka. Ongeza saa moja kwenye hesabu ya uwanjani. Wiki ya sikukuu ya taifa inayoanza tarehe 1 Oktoba ofisi nyingi hufungwa. Mwaka mpya wa Kichina, ambao huangukia kati ya tarehe 21 Januari na 20 Februari, usiende kabisa kununua bidhaa. Ndege itakufikisha vizuri, utakuta viwanda vimefungwa na wafanyakazi wamekwenda kwao.

Kurudi

Wakati wa kwenda begi lina nguo tatu. Wakati wa kurudi lina robo ya duka. Kaunta za Baiyun za ndege zinazokuja Afrika hujaa watu wanaopima, kufungua, kupunguza na kufunga upya kwa selotepu. Saa tatu hazitoshi kwa mwenye mzigo mwingi. Nenda saa nne kabla. Pima kila kitu hotelini kwa mizani ya mkono, ambayo inauzwa hapo hapo sokoni kwa bei ndogo.

Kwa ile ndege ya Jumamosi 17:00, toka Xiaobei saa sita mchana. Utatua Dar saa tano usiku wa Jumamosi hiyohiyo. Uhamiaji, mizigo na forodha vitakula saa moja au zaidi, hasa kama mabegi yako yanaonekana ni ya biashara. Mwambie dereva awe nje kuanzia saa sita usiku wa kuamkia Jumapili, na umtumie ujumbe huo kabla hujapanda ndege, ukiwa bado na intaneti.